Kisu na Hadubini: Tarehe ya Uvimbe wa Ala za Mishipa ya Ulimi

Tabibu akabiliwapo na uvimbe katika ulimi hujikuta kati ya hofu mbili zisizopatana: akikata kidogo, na uvimbe ule ukawa ni saratani, mgonjwa atakufa kwa kile kilichobakizwa; akikata sana, na uvimbe ule ukawa si wa kuua, mgonjwa ataishi umri wake uliosalia akiwa amepungukiwa na kusema, na kuonja, na kumeza, kwa kosa lisilorekebishika. Baina ya hofu hizo mbili ndipo ulipokaa, kwa karne nyingi, uvimbe mmoja wa mviringo, mgumu kiasi, ukuao polepole na aghalabu usiouma, uotao katika ala zinazofunika mishipa ya fahamu. Uvimbe ambao siku hizi mpasuaji huutoa na mgonjwa akarudi kwake akizungumza, lakini ambao zamani ungeweza kudhaniwa kuwa ni saratani, au kifuko cha mate, au nyama ya msuli iliyokwenda kombo. Tarehe yake yastahili kusimuliwa, kwa sababu yadhihirisha jambo ambalo sifa wapewazo wapasuaji hulifunika: kwamba waliozinusuru ndimi za wagonjwa hawa walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wasioshika kisu kamwe, waliokaa mbali na chumba cha upasuaji, wakiinamia hadubini na kuuliza uvimbe huu umezaliwa na nini.

Swali hilo lilikuwako, kwa sura nyingine, kabla hadubini haijabuniwa. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyeishi jirani na mji wa Qurtuba na kufariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika kitabu kikubwa cha utabibu, Kitab al-Tasrif, ambacho makala yake ya 30, iliyo ya mwisho, ni ya upasuaji. Humo ameeleza habari za uvimbe uotao chini ya ulimi, uliofananishwa na chura na kuitwa kwa jina lake, na amemwagiza mpasuaji amfunue mgonjwa kinywa kuelekea jua na atazame kwanza: akiuona ni mweusi, mgumu, usio na hisia, asiuguse, maana huo ni saratani, akiuona waelekea weupe na una majimaji ndani yake, na autie ndoana na kuukata kwa kisu chembamba, akiutenga pande zote. Busara ya agizo hili haikuchakaa, kwani latanguliza kutazama mbele ya kukata. Walakini vipimo vyake vitatu, yaani rangi, ugumu na hisia, havikutosha kumwongoza tabibu mbele ya uvimbe wa ala ya mshipa wa fahamu, ambao si laini wala hauna majimaji ya kuonekana kwa nje, ilhali si saratani. Na jicho tupu, hata likisaidiwa na jua la Andalusia, lisingeweza kufika mahali ambapo tofauti ile imefichwa.

Ulimi hutumikiwa na mishipa ya fahamu ya namna mbalimbali: upo uupao mwendo, upo uchukuao hisia za maumivu na za joto katika theluthi mbili za mbele, zipo nyuzi zichukuazo ladha, na upo mshipa mwingine uliokabidhiwa theluthi ya nyuma, inayopakana na koo. Kila uzi wa mishipa hiyo umezungukwa na ala, na aliyezitambua seli za ala hizo alikuwa Theodor Schwann, Mjerumani aliyezaliwa Neuss mwaka 1810 na kusoma Berlin chini ya Johannes Müller. Mwaka 1839 Schwann alitoa kitabu alichothibitisha ndani yake kwamba miili ya wanyama, kama ilivyo mimea, imejengwa kwa seli. Na katika kuikusanya ithibati yake akazieleza seli zilizojipanga juu ya nyuzi za mishipa ya fahamu. Hakuwa akifikiri habari za vivimbe hata kidogo, wala hakujua kwamba karibu karne moja baadaye jina lake lingefungamanishwa na uvimbe usiomhusu; alitaka kujua mwili umeumbwaje, na hilo lilimtosha.

Uvimbe wenyewe ulikuwa umekwisha kupewa jina. Louis Odier, tabibu wa Geneva, alikuwa ameutia katika lugha ya utabibu mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kuuita neuroma, na chini ya jina hilo matabibu wakaweka kila kilichovimba katika mshipa wa fahamu bila ya kubagua. Mwaka 1849 Robert William Smith wa Dublin, mtu aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumuiya ya wanapatholojia ya mji ule, akatoa kitabu kikubwa chenye michoro ya wagonjwa ambao vivimbe vilikuwa vimetanda katika mishipa yao, na kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kufunua maiti akaonyesha jinsi vivimbe hivyo vilivyoshikamana na nyuzi. Ndipo Rudolf Virchow, mwalimu mkuu wa patholojia mjini Berlin, katika vitabu vyake vya miaka ya 1860 juu ya vivimbe, akaligawa fungu lile kubwa mara mbili: uvimbe wa kweli, ambao ndani yake nyuzi za fahamu zenyewe zimezidi, na uvimbe wa uongo, ambao hukaa katika mshipa lakini umeumbwa kwa kitu kingine. Hicho kitu kingine ni nini, Virchow hakulimaliza suala.

Wakati huohuo kisu kilikuwa kimepata nguvu ambazo hakikuwa nazo katika zama zozote. Mwaka 1846 mjini Boston etha ilionyeshwa hadharani kuwa yaweza kumlaza mgonjwa asihisi kukatwa, na mwaka 1867 Joseph Lister akatangaza njia yake ya kuzuia majeraha yasioze. Kabla ya hapo mpasuaji wa ulimi alilazimika kushindana na ukelele wa mgonjwa na damu ya ateri ya ulimi, naye alipendelea kuukaba uvimbe kwa mnyororo au kuuchoma kwa waya uliowashwa moto kwa umeme, ili damu isifurike kooni. Baadaye mlango ukafunguka. Theodor Kocher wa Bern, mwaka 1880, akaeleza njia ya kuufikia ulimi kutoka chini ya taya. Na Walter Whitehead wa Manchester akautoa ulimi mzima kupitia kinywani kwa makasi peke yake. Hawa walikuwa mahiri wa kupigana na saratani, na wagonjwa wao wengi wasingepona minghairi ya ujasiri ule. Lakini makasi ya Whitehead hayakuwa na njia ya kujua yanakata nini, na mkono uwezao kuutoa ulimi mzima huwa hatari zaidi, na wala si pungufu, pale hukumu iutumayo inapokuwa ni ya kukisia.

Hatua iliyofuata ilipigwa Strasbourg, mji uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani. Mwaka 1882 Friedrich Daniel von Recklinghausen, aliyepata kuwa msaidizi wa Virchow, alitoa risala ya kumheshimu mwalimu wake, na humo akawaeleza watu waliojawa na vivimbe laini vya ngozi pamoja na vivimbe vya mishipa ya fahamu. Maulamaa walikuwa wameyachukua mambo haya kuwa maradhi mawili yaliyokutana. Yeye akathibitisha kuwa ni maradhi mamoja, maana kila kivimbe cha ngozi alichokipasua na kukitazama kilikuwa kimeota katika ala ya mshipa mdogo. Akakiita neurofibroma. Tangu hapo tabibu akaweza kujua kwamba kivimbe cha ulimi kwa mtu mwenye madoa ya rangi ya kahawa na vivimbe vya ngozi ni tawi la mti huohuo, wala si balaa jipya lililojitokeza peke yake.

Katika miaka ileile ada mpya ikaanza kushika mizizi, nayo ni kukata kipande cha uvimbe wa mtu aliye hai na kukitazama kabla ya kuamua upasuaji, ada ambayo Ernest Besnier wa Paris aliipa mwaka 1879 jina la biopsi. Ada hii ilipata mtihani wake mkali mbele ya ulimwengu mzima. Mwaka 1887 Friedrich, mrithi wa enzi ya Ujerumani, alipatwa na uvimbe katika zoloto. Matabibu wa Kijerumani wakataka apasuliwe, na Morell Mackenzie, aliyeitwa kutoka London, akashika kwamba kwanza kipande kikatwe na kipelekwe kwa Virchow. Virchow akakitazama, asione saratani katika kile alicholetewa. Upasuaji ukaahirishwa, Friedrich akarithi enzi Machi 1888, akatawala siku 99, kisha akafa kwa saratani ya koo. Wako waliosema kwamba hadubini ilikuwa imemuua mfalme. Insafu ni kusema kwamba hadubini haitoi ushahidi juu ya kitu ambacho haikuonyeshwa, na kwamba kipande cha juujuu huweza kunyamaza juu ya yale yaliyo chini yake. Funzo hili, lililopatikana katika koo la mfalme, lilikuja kurudiwa kwa njia ya kinyume katika ndimi za watu wasiojulikana, kama itakavyobainika.

Mwaka 1910 José Verocay, mtu wa Urugwai aliyekuwa akifanya kazi katika chuo kikuu cha Kijerumani cha Prague, alitazama vivimbe vya mishipa kwa subira isiyokuwa ya kawaida, akaona kwamba katika baadhi yake seli ndefu zimejipanga safu kwa safu, viini vyake vikikabiliana huku na huku, na katikati yake pameachwa uwanja usio na viini. Mpango ule, akahoji, si wa nyuzi za kawaida za kushikilia nyama. Ni wa seli zenye nasaba na mfumo wa fahamu wenyewe. Miaka kumi baadaye Nils Antoni wa Uswidi akaongeza kwamba ndani ya uvimbe mmoja hukutana sura mbili, moja iliyosongamana na kujipanga, nyingine iliyolegea na kutawanyika, na akaziita kwa herufi mbili za kwanza za alfabeti. Safu za Verocay na sura mbili za Antoni ndizo alama ambazo mwanapatholojia wa leo huzitafuta kwanza aletewapo kivimbe cha ulimi.

Hoja ya Verocay haikupokelewa bila ya upinzani. Huko Marekani Frank Mallory, na baada yake Wilder Penfield, walishika kwamba seli za vivimbe hivi ni za nyuzi za kushikilia, na kwamba kufanana kwake na seli za Schwann ni kwa sura tu. Upande wa pili alisimama Pierre Masson, Mfaransa aliyefundisha Strasbourg baada ya mji ule kurudi kwa Ufaransa, kisha akahamia Montreal, ambaye mwaka 1932 aliuita uvimbe huu shwanoma bila ya kusitasita. Naye Arthur Purdy Stout wa New York, mwaka 1935, akauita neurilemoma. Haikuwa ikhtilafu ya majina tu, kwa kuwa aliyeamini nasaba ya nyuzi alitazamia uvimbe uwe na tabia moja, na aliyeamini nasaba ya ala alitazamia nyingine. Stout hakutosheka na kubishana. Pamoja na Margaret Murray, bingwa wa kukuza tishu katika vyombo vya kioo, alizikuza seli za ala za mishipa mizima kando ya seli za vivimbe, na mwaka 1940 wakatangaza kwamba za pande zote mbili huenenda kwa mwendo mmoja, usiofanana na mwendo wa seli za nyuzi. Hivyo kauli ya Prague ikapata shahidi hai, miaka 30 baada ya kutolewa.

Faida ya ubishi huo ilifika hadi kwenye meza ya upasuaji. Shwanoma hutokana na seli za ala peke yake, hukaa ubavuni mwa nyuzi za mshipa, na aghalabu huvikwa utando wake wenyewe; kwa hiyo mpasuaji aweza kuupasua utando, akautoa uvimbe mzima, na kuuacha mshipa ukiwa salama. Neurofibroma haina utando wa namna hiyo, na nyuzi za fahamu zimepita ndani yake kama chane za ukindu zilivyosukwa katika mkeka, hata huwezi kuutoa uvimbe bila ya kuzikata. Ajuaye tofauti hii kabla ya kukata hujua pia ni lini atafute kuumaliza uvimbe, na ni lini, kwa mgonjwa mwenye vivimbe vingi visivyomsumbua, amwache kama alivyo.

Hata hivyo ulimi ulikuwa na hila nyingine. Mwaka 1926 Aleksei Abrikosov wa Moscow, mwanapatholojia yuleyule aliyeongoza kufunguliwa kwa maiti ya Lenin miaka miwili kabla yake, alieleza uvimbe mdogo wenye seli kubwa zilizojaa chembechembe, ambao huota zaidi katika ulimi kuliko mahali pengine. Kwa kuwa ulimi ni msuli, na kwa kuwa seli zile zilionekana zimechanganyika na misuli, alihukumu kuwa zimetokana na seli changa za msuli. Hukumu hiyo ilikuwa na mantiki, nayo ilisimama katika vitabu kwa zaidi ya kizazi kimoja, ijapokuwa Friedrich Feyrter wa Austria alidai mapema, mnamo mwaka 1935, kwamba asili ya uvimbe huu ni mishipa ya fahamu.

Nasaba hiyo isiyo sahihi haikuwa mashaka makubwa kuliko yote. Uvimbe wa Abrikosov una tabia ya ajabu ya kuuchochea utando wa juu wa ulimi unenepe na kupenyeza vidole vyake chini, hata mtu akiletewa kipande cha juujuu huona umbo linalofanana kabisa na saratani ya utando. Hapa ndipo funzo la koo la mfalme liliporudi kwa kinyume chake: kule kipande cha juu kilikuwa kimenyamaza juu ya saratani iliyokuwako, huku kipande cha juu huishuhudia saratani isiyokuwako, na mgonjwa mwenye kivimbe cha kiasi cha punje anaweza kuhukumiwa upasuaji mkubwa kwa ushahidi huo. Dawa ya mashaka yote mawili ni moja, nayo ni kukata kwa kina cha kutosha, hadi kwenye seli zenyewe.

Nasaba ilisahihishwa hadubini ya elektroni ilipofika. Mwaka 1954 Betty Geren, akitazama vifaranga vilivyokuwa bado katika yai, alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi seli ya Schwann inavyojiviringisha juu ya uzi wa fahamu, duru juu ya duru. Na mwaka 1962 Edwin Fisher na Wechsler wakazitazama seli za uvimbe wa Abrikosov kwa chombo hichohicho, wakakuta zina alama za seli za ala, wala si za msuli. Miaka mitatu baadaye Blake Moore akachuja katika ubongo wa ng'ombe protini iliyopewa jina la S-100. Na katika miaka ya 1980, mafundi wa maabara walipokwisha kujua namna ya kuitia rangi protini hiyo katika vipande vya tishu, shwanoma na uvimbe wa Abrikosov zote mbili zikaitikia. Tangu hapo suala ambalo Virchow hakulimaliza likawa lajibika kwa kioo kimoja chenye rangi ya kahawia.

Upo mlango mmoja wa tarehe hii ambamo kivimbe cha ulimi kilikuja kuwa na thamani kuliko kilivyodhaniwa. Mwaka 1922 August Wagenmann, tabibu wa macho wa Ujerumani, alimweleza mgonjwa aliyekuwa na vivimbe vidogo vya mishipa ya fahamu katika jicho na ulimi, na mwaka uliofuata Curt Froboese akaeleza habari kama hiyo. Zilichukuliwa kuwa ni nadra za kuhifadhiwa vitabuni. Ilipofika mwaka 1966, Dillwyn Williams na Pollock walionyesha kwamba watu wenye vivimbe vile katika midomo na ncha ya ulimi hupatwa pia na saratani ya tezi ya thairoidi na uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo. Na mwaka 1994 kasoro iliyo chanzo cha yote ikapatikana katika jeni iitwayo RET. Vivimbe vyenyewe havidhuru, wala havina haja ya kukatwa ila vikimsumbua mwenyewe. Lakini tabibu au mganga wa meno avionaye na kuvitambua katika mtoto aweza kumwokoa na mauti, kwa kuwa tezi ya shingoni ikitolewa mapema, na kwa waliorithi kasoro hii huwa ni vyema itolewe katika mwaka wa kwanza wa uhai, saratani haipati nafasi.

Tiba ya leo ni nyepesi kusimulia, kwa kuwa ugumu wote ulikuwa katika kujua. Katika jumla ya shwanoma, kiasi cha asilimia 25 hadi 45 huota katika kichwa na shingo, na zilizo ndani ya kinywa ni takriban asilimia 1 tu, ambazo nyingi zake huwa ulimini. Mgonjwa aghalabu ni kijana au mtu wa makamo, ambaye amekiona kivimbe kwa miezi au miaka. Picha za mashine ya sumaku, iitwayo MRI, humwonyesha mpasuaji mipaka ya uvimbe na kina chake. Ukiwa mbele au ubavuni, hutolewa kupitia kinywani. Ukiwa katika shina la ulimi, zamani ilibidi kupasua shingo au hata kulikata taya na kulifungua, na sasa, katika hospitali zenye uwezo huo, hufikiwa pia kwa miale ya leza au kwa mikono ya roboti, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2009 itumiwe kupitia kinywani. Shwanoma iliyotolewa yote ni nadra kurudi, na kugeuka kwake kuwa saratani ni nadra zaidi. Uvimbe wa Abrikosov, kwa kuwa hauna utando, hukatwa pamoja na ukingo mdogo wa nyama nzima iuzungukayo.

Atakayeyapima mambo haya kwa mizani ya haki ataona kwamba Kocher na Whitehead, waliotoa majina yao kwa upasuaji mkubwa, waliufunza mkono namna ya kufika, na kwamba Schwann, Recklinghausen, Verocay, Murray na wenzao ndio walioufunza mahali pa kusimama. Kwa hiyo mpasuaji ambaye leo hii hutoa kivimbe cha ulimi, akakihukumu kwa macho kuwa si kitu na kukitupa ndooni bila ya kukipeleka maabara, huwa ameacha nusu ya kazi aliyolipwa kuifanya. Na yule apelekaye kipande chembamba cha juujuu, kisha akadai jawabu la yakini, hana haki ya kuilaumu hadubini ikimpotosha.